Nahamia Mombasa, naogopa taifodi: nijikinge vipi?

Mpangaji_Mpya:
Hamjambo wadau. Nimepata kazi ya mkataba Mombasa, chumba kiko Kisauni. Maji ya bomba huja yakipenda, kwa hivyo plotini tunategemea kisima na mitungi ya mkokoteni. Nikinunua maji ya chupa ya kunywa, inatosha? Na viazi karai vya jioni niviage?

BintiMajengo:
Karibu pwani! Usiviage bure. Kinachotoka kwenye mafuta ya moto ukikiona kwa macho yako hakina neno. Tazama kinachofuata: ukwaju wa kumiminia umechanganywa na maji gani? Sahani imesuuzwa ndoo ipi? Ukiona ndoo ni ile ile tangu alasiri na maji yamekuwa rangi ya chai, sema ufungiwe kwenye karatasi. Kachumbari achia mwenyewe. Juisi ya miwa ninayoiogopa ni ile ya barafu, kwa sababu barafu hujui imegandishwa kwa maji ya wapi. Dafu likikatwa mbele yako, kunywa.

MzeeWaKisima:
Chupa haitoshi, kijana. Utapiga mswaki kwa maji gani? Nyanya utaoshea nini? Huku chini ni mawe ya matumbawe, maji hupenya upesi, na kisima na choo cha shimo mara nyingi ni majirani. Ule uchumvi usikudanganye, hauui vijidudu. Ya kisima ogea na ufulie. Ya kunywa, ya mswaki na ya matunda, chemsha yatokote dakika nzima, yapoe yamefunikwa. Mtungi uwe na koki. Kila mtu akitumbukiza kikombe chake, umechemsha bure.

Likoni_Damu:
Wabara kwa woga! Mie nimekulia maji ya kisima na sijaugua hata siku moja.

Nesi_wa_Zamu:
Kaka Likoni, wapo wanaobeba vijidudu vya taifodi bila kuumwa na kuwaambukiza wengine. Ndiyo maana mpishi hunawa kwa sabuni atokapo chooni, hata awe mzima kama chuma.

Mpangaji, chanjo ipo. Mwezi Julai 2025 Kenya ilifanya kampeni ya kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Wewe mtu mzima ulizia kliniki za chanjo, ikiwezekana wiki mbili kabla ya kusafiri. Haikingi kabisa, kwa hivyo maji utachemsha vile vile.

Halafu hao wa "nina taifodi" kila mwezi, wengi wamepimwa Widal tu, kile kipimo cha damu cha haraka. Kipimo hicho huweza kusema ndiyo kwa sababu ya ugonjwa wa zamani au homa nyingine kabisa. Ukipata homa isiyoshuka, kichwa na tumbo vikauma, nenda hospitali upimwe malaria, na uulize kama wanaotesha damu, yaani kuiweka maabara waone kama vijidudu vitakua, kabla hujaanza antibiotiki. Usinunue dawa dukani kwa kukisia. Dawa za kukisia ndizo zinazofanya vijidudu kuwa sugu.

Mpangaji_Mpya:
Ahsanteni sana. Na gesi ya kuchemsha kila siku nitaiweza?

MzeeWaKisima:
Basi tumia dawa ya maji ya klorini, ni rahisi kuliko gesi. Yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, tia kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje nusu saa. Harufu kidogo utaizoea.

BintiMajengo:
Usipoizoea, chai ya tangawizi inaimaliza.