Wauza vyombo vya umeme Tanga, acheni kuwaambia watu eti eafraya "haina mafuta"

Wakuu, nina hasira na sitazunguka.

Hivi mfanyabiashara anayejiheshimu anawezaje kumuuzia mtu mzima eafraya, ile mashine ya kupikia kwa hewa ya moto, akapokea hela yake, halafu akamwambia, "Mama, hii haina mafuta, ukimaliza unapangusa na kitambaa tu"? Maneno haya nimeyasikia kwenye zaidi ya duka moja hapa mjini, na ndiyo yanayowaharibia watu mashine. Mteja anatoka dukani akiamini amenunua chombo kisichochafuka.

Mafuta yapo! Usipoyaweka wewe, samaki amekuja nayo. Chukua vibua walionona wa pale Deep Sea, soko letu la samaki, wapange kwenye kikapu, weka digrii 180, kisha vuta droo wakishaiva. Chini utakuta mafuta yamejikusanya na maji ya samaki, yananuka shombo. Kuku wa kisasa na ngozi yake ndiyo usiseme. Tena hayakai chini peke yake. Juu ya kikapu kuna koili, ule waya unaotoa joto, na juu ya koili kuna feni inayosukuma hewa ya moto kwa kasi. Matone yanarushwa mpaka huko juu, yananasa, na siku nyingine ukiwasha tu jiko zima linajaa moshi. Watu wanadhani mashine imeungua, wanakimbia kwa fundi, na fundi anawatoza hela ya kufuta mafuta.

Shangazi yangu wa Makorora alinunua ya kwake baada ya kuambiwa na daktari apunguze vyakula vya kukaanga. Akafuata alichoelekezwa: kitambaa. Matokeo yake grisi ikabaki, ikapigwa joto tena na tena mpaka ikageuka utando wa kahawia, mgumu kama vanishi. Hapo si mafuta ya kawaida tena, yameshaungana na kukakamaa, kupangusa hakusaidii kitu. Akarudi dukani kuuliza afanyeje. Jibu alilopewa: "Sugua na stilwaya, itatoka."

Stilwaya, jamani! Kwenye kikapu chenye ile rangi nyeusi ya kuzuia chakula kisigande!

Kikapu hicho nimekishika mwenyewe. Kuzunguka vile vitundu vya chini rangi imebanduka, chuma kinaonekana, na kwenye ukingo kutu imeshaanza, maana hewa yetu ya pwani haisubiri. Sasa hivi akiweka tasi, nyama inatoka na ngozi inabaki imeng'ang'ania. Alipokwenda kulalamika akaambiwa waranti haihusu mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo ni nyie mliomfundisha aiweke!

Na kile kijitabu ndani ya boksi? Kiingereza na Kichina. Shangazi anasoma Kiswahili vizuri kabisa, na Kurani anaisoma bila kusitasita. Nani alimfikiria yeye wakati mzigo unaagizwa? Karatasi moja tu ya Kiswahili ingemwokolea kikapu.

Halafu kuna hawa washauri wa video. Mmoja anachanganya bekingi soda na siki, povu linafoka, watu wanashangilia. Povu lile ni gesi tu inayotoka. Soda na siki vinauana nguvu, kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi isiyokata grisi. Mwingine anashauri kostiki ya kutengenezea sabuni. Kostiki inaunguza ngozi na macho, na inakula aluminiamu. Na aliyemwambia mtu achanganye siki na jiki aogope Mungu, hiyo inatoa gesi ya klorini, mtu anaweza kudhurika vibaya kwenye jiko lisilo na dirisha.

Njia inayofaa wala haina gharama, ndiyo maana inaniuma zaidi. Ukimaliza kupika chomoa waya ukutani, acha mashine ipoe kidogo lakini isilale na uchafu. Mwaga mafuta ya kwenye droo kwenye kopo, usiyamwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba. Rudisha kikapu ndani ya droo, tia maji ya moto yafunike vile vitundu, weka sabuni ya maji ya vyombo, acha nusu saa. Kisha sugua na sponji upande laini, na kwenye vitundu tumia mswaki wa zamani. Penye utando sugu, koroga bekingi soda na maji kidogo iwe uji mzito, paka, subiri, ondoa kwa sponji ileile bila kukandamiza. Ukisharudia siku mbili tatu unalainika wenyewe. Kausha kabisa kabla ya kurudisha.

Koili ndiyo wengi hawaigusi. Mashine ikiwa imepoa kabisa na waya umechomolewa, toa droo, igeuze kichwa chini juu ya taulo, utaiona koili. Ipitishe mswaki wenye sabuni kidogo sana, futa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, iache hivyohivyo mpaka ikauke. Usiimwagie maji mwili wa mashine hata siku moja, humo mna umeme.

Kwa waliotishwa kwamba rangi ikibanduka ni sumu ya moja kwa moja: rangi nyingi za aina hiyo ni PTFE, yaani ile tefloni ya kwenye vikaango, huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya joto likipita takriban digrii 260, na eafraya nyingi zinaishia digrii 200. Kipande kidogo kikimezwa hupita tu tumboni. Lakini kikapu kilichobanduka kinashika chakula na kinakula kutu, kwa hiyo kibadilishwe. Na hapo ndipo hasira yangu inaporudi, kwa sababu duka lililouza mashine halina kikapu cha akiba! Linamwambia mteja anunue mashine nyingine nzima.

Wenye maduka mnaosoma hapa, hizi ndizo shida zetu. Mfundisheni kijana wenu wa mauzo aseme ukweli kuhusu kuosha, mwandike karatasi ya Kiswahili mbandike kwenye boksi, na mkiagiza mashine mwagize na vikapu. Mwenye kikapu cha duara cha lita 4, hapa Tanga au hata Dar kikaja kwa basi, aweke bei na picha ya upande wa chini. Tutalipa.