Uzi wa kupeana uzoefu: sabuni ya kwanza ya mawese ipikwe leo, nusu kilo tu

Mleta uzi, Kigoma Mjini
Wadau, mawese yamejaa sokoni, lakini wengi wanaotaka kujifunza sabuni wamekwama kwenye kukusanya video na kutafuta jina la biashara. Mwiko hawajaushika. Mnaoijua kazi hii, mwageni vipimo hapa, mgeni aanze jioni hii hii.

Mdau wa Ujiji
Mawese gramu 500, kostiki soda gramu 67, maji gramu 170. Ikiharibika, hasara ni ndogo. Anayeanza na dumu zima anamwaga lita 20 na bado hajui kosa lilikuwa wapi.

Soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, nje penye hewa, ukiwa na glavu na miwani. Ukigeuza, maji yanachemka ghafla na kukurukia. Likikupata tone, maji mengi yanayotiririka, papo hapo. Na sufuria ya alumini hapana kabisa: soda inaila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Mdau wa Mwandiga
Nikazie mizani, maana hapo ndipo wengi wanaanguka. Sokoni mawese yanapimwa kwa lita, na lita moja ni gramu 900 hivi, siyo kilo. Ukiihesabu kilo utaweka soda gramu 134, wakati mafuta hayo mwisho wake ni kama 127. Inayobaki inachoma ngozi. Kwa lita moja weka 120. Ukiacha vya kujikinga, mizani inayosoma gramu moja moja ndiyo pekee ya kununua kabla ya kuanza. Mihuri na rangi vitasubiri.

Mdau wa Kasulu
Kabla ya kumimina maji ya soda kwenye mawese, vyote viwe vuguvugu, nyuzi 40 hadi 45. Mawese yakipoa huganda yenyewe, ukadhani uji, yaani mchanganyiko wa sabuni, umeshika kumbe ni mafuta tu. Ukimimina kwenye boksi hapo, kesho unakuta maji ya soda yamejitenga chini, na maji hayo yanaunguza. Koroga mpaka tone likidondoka juu ya uji liache alama. Kwa mwiko inaweza kufika saa nzima. Video haikuonyeshi hili vizuri. Mkono ndio unaohisi uji ukianza kuwa mzito.

Mdau wa Ujiji
Boksi tandika nailoni, mimina, funika na gunia. Siku ya pili kata, panga kivulini wiki 4 hadi 6. Usikae kuzisubiri: kesho yake pika nusu kilo nyingine ukibadilisha kitu kimoja tu, na uandike vipimo na tarehe kwenye kila boksi.

Mleta uzi
Na mise je, yale mafuta ya kokwa za mchikichi, vipimo ni hivyo hivyo?

Mdau wa Mwandiga
Hapana. Mise inakula soda zaidi: gramu 500 zinataka kama 83. Ukiweka 67 sabuni itabaki na mafuta mengi, laini, na haitasafisha vizuri.