Mkataba miaka miwili, niko mwezi wa nne

Mwana wa Likoni
Assalamu alaykum wenzangu. Mimi ni mwalimu wa chekechea, mtu wa Likoni, niko Ajman, huku Falme za Kiarabu, tangu mwisho wa Agosti. Niliambiwa watoto 22 na msaidizi mmoja. Ninao 31, na huyo msaidizi sijamuona hata kivuli. Wakishaondoka mchana tunabakishwa kukata mapambo ya kuta mpaka saa kumi. Sauti imekauka, usiku naongea kama jogoo aliyenyeshewa.

Hayo ningeyameza. Lakini mama ana sukari, kidonda cha mguu hakifungi, na mdogo wangu ndiye anayemvusha feri kila Jumanne akasafishwe. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia honi ya feri. Nililia mbele ya watoto.

Zimebaki wiki tatu shule ifunge. Tiketi ya kuja Mombasa nimejinunulia, ya kwenda na kurudi. Mwenzangu hapa aniambia: panda ndege, usirudi, barua utawaandikia ukiwa kwenu. Mkataba wasema notisi ya miezi miwili. Tena pesa ya wakala nilikopa kwa chama cha kina mama mtaani, 90,000, nimerudisha 40,000 tu. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Makuti
Usikimbie, dada. Mimi nilikimbia, Sharjah, 2023. Nilijifanya naenda likizo. Baada ya miezi sita nikapata kazi nzuri Dubai, kibali kikakataliwa. Sheria yao iliyoanza Februari 2022 yasema ukitoroka hupewi kibali cha kazi kwa mwaka mzima. Mshahara wa mwisho nao niliusikia harufu tu.

Bi Chaki
Mwanangu, kabla ya yote soma kipengele cha majaribio, ule muda wa mwanzo wa kupimwa kazini. Kisheria hayapiti miezi sita. Ukiwa bado umo ndani yake na unaondoka nchini kabisa, notisi ni siku 14, kwa maandishi. Hiyo miezi miwili ni ya aliyemaliza majaribio. Hapo sheria inaruhusu siku 30 mpaka 90.

Barua itume kwa baruapepe pia, wasije wakasema haikufika. Kiinua mgongo sahau, hakipatikani kabla ya mwaka kutimia. Mshahara wako wakulipe ndani ya siku 14 baada ya kazi kuisha. Pasipoti kama wameikalia, idai. Hawana ruhusa kuizuia. Na ukirudi huko kwa mwajiri mwingine kabla ya miezi mitatu, huyo mpya atatakiwa kumfidia wa kwanza gharama za kukuleta, kwa hiyo usishangae akisitasita.

Jino la Pembe
Nitasema lisilopendeza. Mguu wa mama wataka pesa kuliko unavyokutaka wewe. Mimi ni mwalimu shule ya binafsi Bamburi, mshahara 18,000, na wa Januari huja Februari. Maliza angalau mwaka.

Mwana wa Likoni
Kaka, pesa natuma tangu Septemba na kidonda ni kile kile. Daktari asema aangaliwe chakula na vidonge, na mdogo wangu yuko kibandani pale kivukoni tangu alfajiri akikaanga viazi karai. Nani wa kumwangalia? Mama mwenyewe kwenye simu hunena yu mzima, tena kwa sauti ya juu, ndipo najua si mzima.

Bi Chaki, nimesoma. Majaribio ni miezi sita, bado nimo! Miezi miwili yote niliyohesabu kwa vidole ilikuwa bure. Barua naipeleka Jumatatu na nitasomesha mpaka siku ya kufunga. Mweka hazina wa chama nimempigia, nikamueleza ile 50,000. Kacheka: "Njoo kwanza, tutakudai ukiwa hapa hapa kivukoni."

Niandike Kiingereza tu, au na Kiarabu?

Bi Chaki
Kiingereza. Na tarehe usisahau, ndiyo itakayohesabiwa.