Kupima programu ya wakulima: mtumiaji aseme peke yake, wawili wawili, au aelezwe baadaye kwa video?

Mchuma Zabibu
Habari za leo, ndugu zangu. Tunatengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za mauzo ya zabibu kwa wakulima wa Hombolo, Dodoma, nasi tunataka kujua wanakwama wapi kabla hatujaisambaza. Nimefikiria njia tatu: mkulima aitumie huku akisema kwa sauti kila anachowaza, wawili watumie simu moja wakizungumza, au mmoja aitumie kimya, kisha aoneshwe video yake na kueleza. Tuna siku mbili tu. Ipi itatufaa?

Binti Mpunguzi
Ningeanza na ya kwanza, kwa sababu neno linalomtoka mtu pale pale anapokwama huwa halijapambwa. Mama mmoja niliyekaa naye tukipima programu yetu aliweka kidole gumba juu ya kitufe cha "Wasilisha", akakiondoa, akasema, "Niwasilishe kwa nani, na mzigo bado uko shambani?" Sisi tulikuwa tumejadili rangi ya kitufe hicho wiki nzima. Akinyamaza, mwambie tu "endelea kusema", usimuulize "kwa nini"; watafiti wa fikra Ericsson na Simon walieleza tangu mwaka 1980 kwamba kumdai mtu sababu hubadilisha mwenendo wa fikra zake.

Mpimaji wa Kibaigwa
Ni kweli, dada, ila kwa wakulima wetu ningechagua wawili wawili. Mtu mzima aliyeketi mbele ya mgeni mwenye daftari huona haya kuongea peke yake, na mara nyingi huisifu programu kwa heshima tu. Mkalishe na jirani yake, na ubishi wao ndio utakaokupa habari, hata kama nusu yake ni Kigogo. Kwa hiyo nenda na mtu anayekielewa. Wawe wanalingana kwa uzoefu wa simu, la sivyo mmoja atabonyeza na mwenzake ataitikia.

Fundi Hesabu
Video itafaa tu mkitaka kupima muda, kwani kusema huku unafanya kazi huchelewesha. Kuhusu idadi, kwa kanuni ya mwaka 1993 ya Nielsen na Landauer, watafiti wa urahisi wa kutumia programu, watumiaji 5 hufichua takribani asilimia 85 ya matatizo, ikiwa kila mmoja hufichua wastani wa asilimia 31. Kama wanunuzi wa zabibu nao wataitumia, hao ni kundi jingine, wahesabuni kando.

Mchuma Zabibu
Nashukuru sana. Nitaanza na jozi. Neno "Wasilisha" lipo hata kwenye programu yetu, nami sitaligusa hadi nisikie wakulima wenyewe wanakiitaje kitendo hicho.