Ushauri: maoni ya kurekebisha kanuni za msaada wa kisheria (Kenya) yaandikwe vipi ili yasikilizwe?

WasaidiziKwale: Wadau, hamjambo. Kikundi chetu cha wasaidizi wa kisheria kinaandaa maoni kuhusu kanuni za Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Tunataka wajane wenye kesi za mirathi wasikwame kwenye kipimo cha umaskini, yaani uchunguzi wa kama mwombaji kweli hawezi kumlipa wakili. Tumeandika kurasa 11. Tukate wapi?

MwandikaSheria: Kwanza tenganisheni ya Sheria na ya kanuni. Wanaostahili wametajwa kwenye kifungu cha 36 cha Sheria yenyewe: mtu asiye na uwezo anayeishi Kenya, awe raia, mtoto, mkimbizi, mwathiriwa wa ulanguzi wa binadamu, mkimbizi wa ndani au asiye na uraia. Kanuni haiwezi kuongeza wala kupunguza hapo, kwa sababu kanuni inayopingana na Sheria mama haisimami. Ya namna hiyo yapelekeni Bungeni kama ombi la kurekebisha Sheria. Kanuni zinafaa kwa fomu, ushahidi wa kipato, muda wa kujibu maombi na malipo ya mawakili.

Kila pendekezo liwe na nambari ya kanuni, maneno yanayofutwa, maneno yanayoingia, na sababu kwa sentensi mbili tatu. Malalamiko yasiyo na maneno mbadala humwachia mwandishi wa rasimu kazi ya kubuni, na mara nyingi haibuniwi. Kurasa 4 zatosha.

DawatiLaKorti: Kuhusu wajane, shida kubwa ni shamba kuhesabiwa kama utajiri. Ekari tatu zenye mgogoro haziuziki wala haziwekwi rehani, kwa hiyo haziwezi kumlipa wakili. Andikeni: "mali inayobishaniwa katika shauri, na nyumba anayoishi mwombaji, zisihesabiwe." Ongezeni kwamba kipato cha jamaa anayeshtakiana naye kisijumlishwe na chake. Bila maneno hayo, mjane anayedaiwa shamba na shemeji anayeishi naye boma moja ataonekana ana uwezo.

Kiwango cha shilingi kisiwe katikati ya kanuni. Kiwekwe kwenye jedwali, na tarehe ya kupitiwa upya itajwe, maana bei hupanda na kiwango hubaki palepale.

WasaidiziKwale: Asante sana, ndugu. Na mahabusu? Barua ya chifu ya kuthibitisha kwamba hawana uwezo wataipata wapi?

DawatiLaKorti: Ombeni tamko la mwombaji mwenyewe likubaliwe, lithibitishwe na ofisa wa gereza, na uchunguzi wa kipato ufuate baadaye. Kifungu cha 43 kinaitaka korti imjulishe mshtakiwa haki yake ya uwakilishi. Pendekezeni fomu ijazwe siku hiyohiyo hapo kortini.

KamatiSheriaNdogo: Angalieni pia njia. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inadai wanaoguswa washauriwe kabla kanuni hazijatungwa. Tumeni kwa ofisi iliyotoa rasimu, kwa baruapepe na kwa mkono, nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio ushahidi wenu baadaye.

Kanuni zikichapishwa, lazima ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo zinabatilika. Hapo Kamati ya Sheria Ndogo huzikagua na inaweza kupendekeza zifutwe. Maoni yenu yakiwa yameachwa, ipelekeeni kamati nakala ile yenye muhuri mara moja, maana ina siku 28 tu za kutoa ripoti tangu ikabidhiwe kanuni hizo.