Chati za urubani kwenye simuleta: je, ramani ya zamani ya Dar es Salaam na Unguja inafaa, au ni lazima kulipia?

Mwanagenzi_wa_Anga (Morogoro)

Wakuu, heshima kwenu.

Ninatumia X-Plane, programu ya simuleta ya kurusha ndege, kwenye kompyuta ya nyumbani, na hadi sasa nimekuwa nikifuata tu ule mstari wa zambarau ambao GPS huuchora kwenye dashibodi. Ndege inafika, lakini ukiniuliza katikati ya safari niko wapi, siwezi kukujibu. Kwa hiyo nimeamua kujifunza kuruka kwa ramani, kama wanavyofundishwa wanafunzi wa urubani, na nimechagua safari fupi ya kutoka kiwanja cha Julius Nyerere cha Dar es Salaam, chenye msimbo HTDA, hadi kiwanja cha Abeid Amani Karume cha Unguja, HTZA. Nimepakua moja ya zile chati za Marekani ziitwazo ONC ambazo maktaba ya Perry-Castañeda ya Chuo Kikuu cha Texas imeziweka mtandaoni bila malipo, nikaichapisha na kupiga mstari kwa rula na penseli.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunitatiza. Pembe niliyoipima kwenye karatasi ni kama nyuzi 2, lakini dashibodi inanionyesha kama nyuzi 5. Printa nayo imeipunguza picha ili itoshe karatasi ya A4, kwa hiyo mizani ya 1:1,000,000 iliyoandikwa pembeni haina maana tena. Zaidi ya hayo, nimepata chati ya kutua kwa kufuata vyombo ya kiwanja kingine, na baadhi ya majina ya vituo yaliyomo hayapo kabisa kwenye orodha ya simuleta yangu. Je, nilipie huduma ya chati za kisasa, au kuna njia ya kuyatumia haya niliyo nayo?

Dira_ya_Pwani (Tanga)

Ndugu Mwanagenzi, kipimo chako ni sahihi na dashibodi nayo ni sahihi. Pembe ya kwenye karatasi inahesabiwa kutoka kaskazini ya kweli, ile inayofuatwa na mistari ya longitudo, ilhali dira ya ndege, na GPS iliyopangwa kama kawaida, huhesabu kutoka kaskazini ya sumaku. Tofauti kati ya hizo mbili ni mkengeuko wa sumaku, na kwa pwani ya Dar es Salaam ni nyuzi chache upande wa magharibi. Mkengeuko wa magharibi unajumlishwa kwenye pembe ya karatasi, wa mashariki unatolewa. Kwenye chati utauona kama mistari ya vipande vipande inayokatiza ramani, kila mmoja na thamani yake, ila thamani hizo usizitumie, kwa sababu usumaku wa dunia unahama mwaka hadi mwaka na nyingi ya chati hizo zilihaririwa miongo kadhaa iliyopita. Mkengeuko chukua wa leo. Visiwa, milima na mwambao vichukue kwenye karatasi bila wasiwasi, maana hivyo viko palepale.

Kuhusu mizani, achana na sentimita. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, na dakika hizo zimechorwa kwenye mistari ya longitudo ya chati hiyohiyo, kwa hiyo printa ikiipunguza ramani inazipunguza nazo pamoja. Chukua ukanda wa karatasi, weka alama mbili penye kuanzia na penye kumalizia, kisha upeleke ukanda huo kwenye mstari wa longitudo ulio karibu na uhesabu vijialama. Utapata maili 39 na ushei. Sisi tulio karibu na ikweta tuna nafuu kidogo, kwani hata ukikosea ukapima kwenye mstari wa latitudo, huku kwetu kosa halifiki asilimia moja, ilhali mtu wa London akifanya hivyo hesabu yake inaharibika vibaya sana.

Sasa zima GPS. Ukiwa na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kwa kasi ya noti 110 (yaani maili 110 za baharini kwa saa), bila upepo, safari nzima ni dakika 21 au 22. Mstari wako unaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo takriban dakika saba baada ya kuondoka unapaswa kuuacha mwambao maeneo ya Kunduchi, huku kisiwa cha Mbudya kikiwa upande wako wa kulia, umbali wa maili mbili hivi. Baada ya hapo ni maji matupu kwa dakika kama kumi na mbili, na hapo ndipo penye somo. Alama inayofuata ni kisiwa cha Chumbe, ambacho kwenye mstari sahihi kinapaswa kupita kushoto kwako kwa karibu maili tatu, na rasi ya Fumba iwe kulia, kabla hujaikuta njia ya kurukia namba 36 mbele yako.

Nenda kwenye mipangilio ya hali ya hewa, weka upepo wa kusi wa noti 15 kutoka kusini mashariki, kisha ruka tena bila kurekebisha uelekeo. Utaikuta Chumbe iko chini ya tumbo la ndege badala ya kushoto. Hizo maili tatu ndizo upepo ulizokusukuma, na ukizigawa kwa umbali uliosafiri utapata nyuzi kama tano ambazo ulipaswa kuielekeza pua ya ndege kulia tangu mwanzo. Mstari wa zambarau hauwezi kukufundisha jambo hili, kwa sababu wenyewe unakuficha kwamba kuna upepo.

Mwewe_wa_Ngong (Nairobi)

Nakubaliana na Dira kuhusu safari za kuruka kwa macho, lakini swali lako la tatu ni la aina nyingine, na hapo uzee wa chati una uzito mkubwa.

Chati za kutua kwa vyombo, pamoja na majina ya vituo na njia za angani, hubadilishwa kwa utaratibu wa kimataifa uitwao AIRAC, ambao mzunguko wake ni siku 28. Kila mzunguko una namba ya tarakimu nne: mbili za mwaka na mbili za mpangilio, kwa hiyo 2401 ni mzunguko wa kwanza wa mwaka 2024. Kwa kawaida mwaka huwa na mizunguko 13, ingawa 2020 uliangukia kuwa na 14. Simuleta yako nayo ina hifadhidata iliyokatwa kwenye mzunguko fulani, na inabaki hapo hadi mtengenezaji aibadilishe. Ukichukua chati ya mwezi huu ukaitumia na hifadhidata ya miaka mitano iliyopita, ni lazima majina yagongane. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, usiulize kama chati ni mpya. Uliza kama chati na simuleta ni vya wakati mmoja. Chati ya zamani inayolingana na hifadhidata yako ni bora kuliko mpya isiyolingana nayo.

Mfano mzuri ni Stansted, karibu na London. Mwaka 2009 njia yake ya kurukia ilibadilishwa namba kutoka 05/23 kuwa 04/22, si kwa sababu lami ilisogezwa, bali kwa sababu namba ya njia hutokana na uelekeo wake wa dira, na huo hubadilika kwa huo huo mkengeuko wa sumaku alioueleza Dira. Mtu anayetumia Flight Simulator X, simuleta ya Microsoft iliyotoka 2006, akifungua chati ya leo atatafuta 22 asiione.

Kabla hujalipa chochote, pakua Little Navmap. Ni programu ya bure, inafanya kazi na X-Plane na pia simuleta za Microsoft, na faida yake kubwa ni kwamba inaisoma hifadhidata ya simuleta yako mwenyewe. Unachokiona pale ndicho kilichomo kwenye simuleta, si zaidi wala pungufu. Kwa chati rasmi, kila nchi ina kitabu chake cha taarifa za anga kiitwacho AIP. Kwenu kinatolewa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, kwetu na KCAA ya Kenya. Zile za Marekani mamlaka ya FAA inazitoa bure kabisa, na kwa mtu anayejifunza kuzisoma chati za kutua, hakuna ubaya kuanza na viwanja vya kule, kwa kuwa hifadhidata za simuleta nyingi zina taarifa nyingi zaidi za Marekani.

Huduma za kulipia kama Navigraph zina maana kwa mtu anayerusha ndege kubwa kwa vyombo kila wiki, kwa sababu zinakupa chati pamoja na hifadhidata ya mzunguko uleule, na ugomvi wa majina unakwisha. Kwa safari ya Unguja kwa Cessna, fedha hiyo nunua usukani mzuri. Ombi moja tu: watu wasianze kurushiana hapa nakala za chati za kulipia. Ni mali ya watu, na uzi huu utafungwa.

Msafiri_Maskati

Mimi naona karatasi ni usumbufu usio na sababu. Hiyo Little Navmap unaweza kuifungulia ukurasa wake kwenye simu, mradi simu na kompyuta viko kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, na ukaiegemeza simu kando ya kioo cha kompyuta. Ramani inasogea na ndege, skrini ya simuleta inabaki wazi, na hakuna cha kuchapisha.

Dira_ya_Pwani (Tanga)

Kweli, Bwana Msafiri, na kwa kuruka kwa vyombo hata mimi natumia simu kwa kusomea chati. Ila Ndugu Mwanagenzi ametuambia mwanzoni kabisa kwamba shida yake ni kutojua alipo. Ramani inayoionyesha ndege ni ule mstari wa zambarau uliohamishiwa kwenye simu. Akitaka kutumia simu kwa somo hili, kwenye programu hiyo azime alama ya ndege, abaki na ramani peke yake, na aiwashe baada ya kutua ili auangalie mkia wa njia aliyopita na kuulinganisha na mstari wa penseli.

Mwanagenzi_wa_Anga (Morogoro)

Nawashukuru sana. Nimelijaribu zoezi la kusi na ni kweli, Chumbe ilipita chini yangu. Nina swali moja la nyongeza kabla sijaendelea. Safari ninayoitaka baada ya hii ni Kilimanjaro, HTKJ, hadi Arusha, HTAR. Kwenye chati ya ONC naona kila mraba una tarakimu kubwa na ndogo pembeni yake, na mraba ninaoondokea una 19 na kitu. Je, maana yake ni kwamba sitakiwi kuruka chini ya futi 19,000? Cessna yangu haifiki huko.

Mwewe_wa_Ngong (Nairobi)

La hasha. Tarakimu kubwa ni maelfu ya futi na ndogo ni mamia, na zinakuambia kimo kinachopita kila kitu kilichomo ndani ya mraba mzima wa nyuzi moja kwa moja. Kiwanja cha Kilimanjaro kiko kwenye longitudo ya nyuzi 37 na ushei, kwa hiyo kimeangukia mraba mmoja na kilele cha Kibo, chenye futi 19,341, ijapokuwa kiwanja chenyewe kiko futi 2,932 tu. Dakika chache baada ya kuondoka kuelekea magharibi utavuka nyuzi 37 na kuingia mraba wa pili, ambao tarakimu yake inatokana na Meru, wenye futi karibu 15,000. Tarakimu hizo ni za mtu asiyeona nje. Ukiwa ndani ya mawingu hujui uko upande gani wa mraba, basi unapanda juu yake au hauendi.

Wewe unayeruka kwa macho usiisome tarakimu peke yake, soma rangi na mistari ya mwinuko iliyo chini ya mstari wako wa penseli. Safari ni maili kama 26 kuelekea magharibi, pembe ya nyuzi 277 hivi, na kilele cha Meru kiko maili nane hivi kaskazini ya mstari, yaani kulia kwako. Kwa kuwa unaelekea nusu ya magharibi ya dira, kimo cha kawaida cha kuruka kwa macho ni elfu shufwa ukiongeza 500, kwa hiyo futi 6,500 zinakufaa. Kurudi utatumia elfu witiri, 5,500 au 7,500. Angalia tu kwamba kiwanja cha Arusha kiko karibu futi 4,550, hivyo kwa 6,500 utakuwa juu yake kwa futi 2,000 pekee, na ukisubiri kuteremka kama ulivyozoea Unguja, ambako kiwanja kiko karibu sawa na bahari, utaukuta mzunguko wa kutua, yaani ile njia ya kuzunguka kiwanja kabla ya kutua, umekufikia kabla hujajiandaa.

Weka mawingu machache upande wa mlima, acha kulia pawe na giza kidogo, na uone kama bado utaujua Meru uko wapi kwa saa na dira tu. Ukishindwa, geuka kushoto. Upande wa kusini ardhi inashuka.