Filamu za Jacques Tati kwenye tamasha, niende ipi?

Jamani wadau, niko Ufaransa kimasomo, huku kuna tamasha la sinema wanarudia filamu zote sita ndefu za Jacques Tati, yule mwongozaji na mchekeshaji Mfaransa, sasa hela yangu ni ya tiketi mbili tu na Kifaransa changu bado cha kuombea maji. Niende ipi?

> Lugha isikutishe mkuu, kwa Tati watu hawaongei sana, utani uko kwenye mwendo na sauti. Anza na Les Vacances de Monsieur Hulot ya 1953, ule mlango wa chumba cha kulia pale hotelini kila ukisukumwa unalia kama waya wa gitaa, mi nilicheka mpaka basi.

>> Playtime (1967) usiikose, tena usije ukaiangalia kwenye simu, ilipigwa kwa mkanda wa milimita 70 na jamaa akajenga mji mzima wa maigizo pembeni ya Paris, ikamfilisi. Mlango wa kioo wa mgahawa unavunjika, bawabu kabaki na kitasa mkononi anawafungulia wateja hewa 😂

>>> Mi Playtime nilisinzia nusu saa ya kwanza, nisidanganye. Mon Oncle je? Si ndo ilibeba Oscar?

Basi Hulot na Playtime, kahawa nakunywa kwanza.